Msitu Uliofagiliwa Waheshimiwa

Mume wa Mama Mwitu alipofariki aliacha vitu vitatu: koti la baridi, mdogo wake, na msitu. Koti lililiwa na panya. Mdogo mtu na msitu wakabaki, na tangu hapo mmoja akawa anamnyemelea mwenzake.

Msitu wenyewe haukuwa wa kutisha kwa ukubwa. Ulianzia nyuma ya jiko la Mama Mwitu, ukateremka mpaka kwenye kijito, ukapanda ng'ambo ya pili na kukoma kwenye uzio wa Fundi Cherehani, mjane mwenzake, ambaye naye alikuwa na kipande chake cha miti. Ndani ya msitu wa Mama Mwitu ilikuwamo miti mirefu iliyonyooka, ile ambayo wenye viwanda vya mbao wakiiona humeza mate, na ilikuwamo iliyopinda kama mzee anayetafuta kiatu uvunguni. Marehemu hakuwahi kukata hata fimbo. Akitaka fimbo alinunua dukani. Watu walimcheka, naye akacheka nao, miti ikazidi kunenepa.

Mama Mwitu alikuwa na sababu yake ya kuupenda msitu ule, na sababu hiyo hakumwambia mtu. Alikuwa na ulimi mchafu. Alizaliwa nao, kama wengine wanavyozaliwa na macho makubwa. Siku alipoolewa, mama mkwe wake alimwambia mke wa nyumba ile hatukani, naye akaahidi. Basi kila alipojaa, aliingia msituni, akasimama katikati ambako hakuna njia wala mpita njia, akayamwaga yote. Alimtukana mama mkwe. Alimtukana mwenye duka aliyempunjia sukari, na mwalimu mkuu, na daktari wa meno, na mumewe mwenyewe zaidi ya wote. Kisha alitoka na mzigo wa kuni kichwani na uso wa malaika. Mtaa mzima ulimsifu kwa upole wake. Kina mama waliwaambia mabinti zao, muoneni yule, hamtasikia neno baya kinywani mwake. Na kweli hawakusikia, maana vichaka vilikuwa vinene na vinameza kila kitu.

Msitu ukikatwa, alijiuliza, mimi nitakwenda kutukania wapi? Sokoni?

Shemeji yake, huyo mdogo wa marehemu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukaa. Alipenda viti, hasa vile vya mbele, na kwa ajili hiyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na mwenyekiti wa kamati ya barabara ambayo haikuwahi kujengwa. Viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Kila mchana alikuja kula kwa Mama Mwitu, akalalamika chumvi, akala, akaomba nyongeza. Yeye humwambia, "Shemeji, wewe umekosa tu bahati ya kuolewa na mimi." Na Mama Mwitu humjibu kwamba bahati hiyo aliikosa kwa kufunga na kusali.

Hapo utani ulikuwa utani. Ila hati ya shamba ilikuwa na majina mawili, la marehemu na la mdogo wake, na siku moja tajiri wa mbao alionekana msituni akiigongagonga miti kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti. Shemeji alikuwa nyuma yake, ameshika mwavuli wa tajiri.

Wazee wa ukoo wakaitwa. Walikaa sebuleni kwa Mama Mwitu, wakanywa chai yake, wakala maandazi yake, wakaamua juu ya miti yake. Shauri lao lilikuwa kwamba msitu ni kama ng'ombe: usipotoa maziwa, huchinjwa. Miti ikiendelea kusimama bila kuiletea nyumba kitu, ikatwe, wagawane. Mama Mwitu akaomba jambo moja tu. Alikuwa amesikia redioni kwamba bunge lina muswada wa sheria ya misitu, na ndani yake mna kifungu kinachosema mwananchi mwenye msitu wake binafsi, akiuacha usimame, atapewa ruzuku kutoka mfuko wa umma. Wangojeeni wabunge waamue, alisema.

Wazee walicheka mpaka chai ikawapalia. Baba mkubwa mmoja alisema kama serikali inalipa watu kwa kutokata miti, basi na yeye imlipe kwa kutoiba kuku. Lakini walikuwa wameshiba, na mtu aliyeshiba hana haraka. Wakakubali. Kifungu kikipita, miti isimame. Kikianguka, kesho yake misumeno iingie, na Mama Mwitu asifungue mdomo.

Ndipo akajiunga na chama cha wamiliki wa misitu binafsi. Kilikuwa chama kidogo, cha wajane, wastaafu na kinyozi mmoja aliyerithi miti kwa shangazi yake asijue aifanyie nini. Shemeji aliposikia kuna chama, na kwamba wakikutana kuna soda, aligombea uenyekiti. Akashinda, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi. Kwa hiyo watetezi wa misitu wakawa wanaongozwa na mtu ambaye kwenye simu yake tajiri wa mbao ameandikwa "Mjomba". Mama Mwitu alijua. Aliiona simu ikilia mezani pembeni ya bakuli la mchuzi, na sauti iliyosikika humo wala haikuwa ya mjomba.

Chama kilichanga kikamwajiri mtu wa kuwasemea bungeni. Walimwita Bwana Vifungu. Alikuwa mwembamba, suti yake imemzidi kila upande, na kazi yake ilikuwa kushinda kwenye korido za bunge akiwavizia waheshimiwa. Aliwaeleza siri ya kazi hiyo bila kuona haya: mbunge asimamishwe akitoka chooni, si akiingia, maana anayetoka ana huruma zaidi. Akawafundisha na namna ya kusema. Msiseme mnaomba pesa, aliwaambia, semeni mnaomba ruzuku ya utunzaji. Fundi Cherehani akauliza tofauti yake ni nini. Bwana Vifungu akafikiri, akajibu kwamba pesa ya kuomba huja na masimango, ruzuku huja na risiti. Kinyozi aliandika hilo kwenye kiganja.

Siku moja Bwana Vifungu alikuja na habari. Kamati ya bunge imegawanyika. Nusu wanakitaka kifungu, nusu wanasema mali ya mtu binafsi ni shida ya mtu binafsi. Mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa mmoja mzito wa mwili na wa maneno, yuko katikati, na atakakoangukia ndiko kifungu kitakakoanguka. Ameamua kuja na wenzake kutazama msitu mmoja kwa macho yao kabla ya kupiga kura. Umechaguliwa wa Mama Mwitu, si kwa uzuri wake bali kwa sababu barabara ya lami inapita karibu, na viatu vya waheshimiwa havijazoeana na matope. Akawaambia wajiandae, akapanda basi kurudi kwenye korido zake.

Laiti angesema wajiandae namna gani.

Mama Mwitu hakulala vizuri. Alijiona amesimama mbele ya wakubwa wa nchi, na nyuma yake majani yaliyooza, magogo yenye uyoga, kamba za mimea zimening'inia kama nguo za ndani zilizosahaulika. Marehemu mama mkwe alikuwa akisema mgeni hula uwanja kwanza, chakula baadaye. Asubuhi akamwendea Fundi Cherehani, na Fundi Cherehani akawaendea wengine, na wote wakaja na mafagio, reki na mapanga.

Wakaufagia msitu.

Mtu asiyewahi kuona jambo hilo atadhani natia chumvi. Waliufagia kama uwanja wa harusi. Walifyeka vichaka, wakang'oa kila kilichochipua, wakakata kamba zote, wakayavuta magogo yaliyooza, wakayachoma moto pamoja na majani. Kinyozi alileta chokaa, wakapaka mashina meupe mpaka kiunoni, kama pale ofisi ya wilaya. Fundi Cherehani alitaka kuivalisha miti ya mbele vitambaa alivyovidarizi, ikabidi azuiwe. Ndege waliondoka bila kuaga. Shemeji alisimamia kazi yote akiwa kitini, na kivuli kikihama, naye anahamishwa.

Ng'ambo ya kijito tu hawakugusa. Kule kulikuwa na upupu, umetanda juu ya vichaka na maganda yake yenye manyoya ya dhahabu, mazuri kuyatazama kama mtoto wa jirani, na kama yeye, hayaguswi. Wanawake walisimama ukingoni wakatazama, wakasema uchafu ule na ubaki, wageni hawatafika huko.

Walipomaliza, Mama Mwitu aliingia peke yake kutazama. Pakang'aa. Alitaka kulitukana fagio lililomchubua mkono, akatukana, na neno likaruka kutoka shina hadi shina, likatoka upande wa pili mpaka barabarani. Mwendesha baiskeli akageuka. Mama Mwitu akafunga mdomo, akajiambia ni kwa siku chache tu.

Waheshimiwa walikuja kwa magari yanayong'aa, wakashuka wakinyoosha migongo. Mbele alikuwa mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa mwenyewe, suti ya buluu, sauti inayotoka kama ndani ya mtungi. Nyuma yake mbunge mmoja mwanamke aliyevaa miwani myeusi na viatu vya kutembelea, wa pekee kati yao aliyekumbuka anakwenda msituni. Kisha wengine watatu wanne, na maofisa. Wa mwisho kushuka alikuwa Bwana Vifungu. Alipouona msitu, kinywa chake kilifunguka na hakikufunga. Nzi angeweza kupanga chumba.

Mheshimiwa alitembea juu ya ardhi iliyofagiwa, mikono nyuma, akitingisha kichwa kwa kuridhika. Alisema amezunguka bustani nyingi za serikali lakini usafi wa namna hii hajapata kuuona. Wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji akatoa hotuba ndefu yenye neno "ruzuku" mara nyingi na maana mara chache. Kisha Mheshimiwa akamuuliza, haya yote mmeyafanya kwa msaada wa nani?

Sasa, shemeji ni mtu ambaye sifa humlewesha kuliko pombe. Akakitoa kifua nje.

"Bila msaada wa mtu yeyote, Mheshimiwa. Kwa nguvu zetu wenyewe."

Mheshimiwa akawageukia wenzake, mikono imefunguka. "Mnaona? Nyinyi mnaonisumbua na kifungu cha ruzuku, mnaona? Wananchi wanajiweza. Fedha ya umma tuipeleke penye shida."

Wanawake wakapiga makofi, kwa kuwa ilisikika kama sifa. Bwana Vifungu alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Yule mbunge mwanamke alikuwa ameinama, anatazama chini. Aliuliza polepole, bila kumuuliza mtu hasa, mbona hapa hakuna mche hata mmoja. Miti hii ikizeeka, alisema, itarithiwa na nani?

Makofi ya Mama Mwitu yakakatikia hewani. Alitazama chini. Ni kweli. Walikuwa wamewang'oa watoto wote wa msitu, wakawachoma, wakafurahi. Na alipoinua macho alimwona shemeji ametia mkono mfukoni, anaipapasa simu. Kabla magari hayajafika barabarani, Mjomba atakuwa ameshapata habari, na kesho patakuwa na kelele za misumeno nyuma ya jiko.

Matusi yakampanda mpaka kooni. Akayameza, akajipenyeza mpaka mbele ya Mheshimiwa, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Mheshimiwa, hapa ulipo ni sebuleni," alisema. "Msitu wenyewe uko ng'ambo."

Mheshimiwa alicheka, akasema basi na apelekwe akaone na vyumba vya ndani. Wenzake walikitazama kijito, wakavitazama viatu vyao, wakagundua wana simu za kupiga. Akavuka yeye, yule mbunge mwanamke, na Mama Mwitu mbele. Na isije ikasemwa kwamba hakumwonya. Alimwonya waziwazi, kwamba huko kuna upupu na upupu unawasha. Mheshimiwa akamwambia, "Bibi, mimi nimezaliwa shamba. Upupu nimeuchezea utotoni." Mama Mwitu akasema haya. Mtu mzima akishasema ameuchezea upupu, utambishia nini?

Kule ng'ambo palikuwa na giza la kijani. Miche ilikuwa imesongamana chini ya mama zao, majani makavu yanafika kwenye kifundo cha mguu, na maji yanatoka chini ya mizizi bila kelele. Mama Mwitu aliwaonyesha na visiki vibichi, na shimo jeusi la mkaa. Wezi, alisema. Wanajua mwenye msitu ni mjane, hana uwezo wa kuajiri mlinzi, na shemeji yake halindi kitu kisichokuwa na kiti. Mbunge mwanamke, aliyejifunga mtandio mpaka puani, akapiga picha. Mheshimiwa alitaka kupanda juu kidogo aone vizuri, utelezi ukamshika, naye akashika kamba ya kwanza iliyompita mbele ya macho.

Maganda yakatikisika. Yale manyoya ya dhahabu yakamshukia shingoni kama baraka.

Upupu haujui mheshimiwa. Alianza kwa kujikuna nyuma ya sikio huku anazungumzia dira ya taifa. Mkono ukahamia shingoni, ukahamia kifuani, dira ikakatika katikati. Akavua koti. Akavua tai. Alivuka kijito kwa mruko ambao wasaidizi wake, katika miaka yote ya kumfuata, hawakujua anao. Akapita katikati ya mashina yaliyopakwa chokaa akijisugua kwenye moja baada ya jingine, na suruali ya buluu ikawa na mistari. Shemeji, akidhani ni namna mpya ya ukaguzi, akapiga makofi.

Walimkalisha kwenye kigoda nyuma ya jiko la Mama Mwitu, kifua wazi. Alitaka maji, wakamnyima. Ukiutia maji upupu unachachamaa, walimwambia, dawa ni majivu. Fundi Cherehani akamshika mikono asijikune, na alimshika kwa bidii, maana ni miaka mingi hajamshika mwanamume mnene. Mama Mwitu akachota majivu jikoni akaanza kumsugua mgongo. Wasaidizi walifukuzwa wote. Bwana Vifungu peke yake alibaki kwenye pembe ya nyumba, amegeuka upande wa pili kwa heshima, masikio yake tu ndiyo yaliyotazama huku.

Yeye alishinda kwenye milango ya vyoo kwa miezi mingi akitafuta dakika moja ya mheshimiwa. Na sasa mheshimiwa alikuwa kwenye kigoda, hana shati, hana pa kwenda.

"Mwanangu," Mama Mwitu alisema, kwani mtu unayempaka majivu mgongoni huwezi kumwita kwa cheo. "Nikwambie ukweli?"

Mheshimiwa akanguruma.

"Ule upande safi ni ujinga wetu. Tulisikia wageni wanakuja, tukafagia. Kabla ya hapo haukufagiwa hata siku moja tangu dunia iumbwe."

"Nani aliwaambia mfagie?"

"Wewe mgeni akija kwako, nani humwambia mkeo afagie?"

Mheshimiwa alitaka kucheka, muwasho ukamkatisha. Mama Mwitu akaendelea kusugua, akamweleza yote: wazee na chai yao, majina mawili kwenye hati, misumeno inayongoja. Akamwambia yule aliyehutubia, yule mwenye kifua, ndiye shemeji yake, na kifungu kikianguka ndiye atakayeiangusha miti.

"Mwenyekiti wa chama cha misitu?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ndiye huyo."

"Na hamumwondoi?"

"Tumuondoe ili iweje? Akiwa na kiti anakaa. Tukimnyang'anya atasimama, na akisimama atakumbuka shoka."

Mheshimiwa akauliza kama mtu aliyechoka kulaghaiwa kwa maneno mazuri, kwa hiyo bibi unataka nikupe wewe hiyo ruzuku.

"Mimi? Hapana. Mpeni yeye."

Kwenye pembe ya nyumba Bwana Vifungu alikohoa kwa nguvu.

"Mimi hata nikikosa senti siikati," alisema Mama Mwitu. "Mume wangu hakukata hata fimbo. Watu kama sisi hatuhitaji sheria, mwanangu. Anayetaka kukata ndiye wa kulipwa asikate. Kila msitu una shemeji wake, huko kote mlikotoka. Tungeni sheria ya mashemeji." Akamgonga begani. "Haya, inua mkono. Bado kwapani."

Siku kifungu kilipojadiliwa, chama kizima kilikuwa kwa Fundi Cherehani, wamezunguka redio, mashine za kushonea zimenyamaza. Shemeji alipewa kiti chenye mto. Walimsikia mbunge mmoja akisema mali ya mtu ni shida ya mtu, na Fundi Cherehani akamwambia yule ndani ya redio mambo fulani kuhusu meno yake. Kisha ikasikika ile sauti ya mtungini. Mheshimiwa alisema yeye binafsi amekwenda, amevuka, na hali halisi ya wamiliki wa misitu ameihisi kwa ngozi yake. Bunge likacheka, maana inasemekana alikuwa bado anajikuna. Alisema msitu ulio mzuri kwa macho unaweza kuwa umeshakufa, na ulio hai humfukuza mgeni. Alisema sheria haitungwi kwa ajili ya watu wema. Bwana Vifungu, aliyekuwa kwenye jukwaa la wageni, alisimulia baadaye kwamba alilia, na leso ilikuwa ya mtu mwingine.

Kifungu kikapita. Yule mbunge mwanamke aliongeza masharti yake mawili, na yakapita nayo: msitu usifyekwe chini wala kuchomwa, na kila aliyeandikwa kwenye hati atie sahihi kwamba hatakata kwa kipindi chote anacholipwa. Fedha yenyewe haikuwa ya kutikisa mji. Ilikuwa ya kumfanya mtu mvivu aridhike, na hiyo ndiyo iliyotakiwa.

Kazi ikawa shemeji. Ofisa alikuja na karatasi, wazee wakaitwa tena, chai ikanywewa tena. Shemeji aliishika kalamu, akaitazama kwa mashaka makubwa.

"Nikitia sahihi hapa nalipwa?"

"Unalipwa, shemeji."

"Na natakiwa nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

Aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. Maisha yake yote alikuwa amekwepa mitego ya kazi, na huu ulifanana na mkubwa kuliko yote. Akamuuliza ofisa, akawauliza wazee, akamuuliza tena Mama Mwitu kama hakuna kulima, hakuna kubeba, hakuna kuamka mapema. Hakuna, aliambiwa. Serikali imetafuta nchi nzima mtu wa kukaa bila kugusa kitu, ikaambiwa yuko hapa, tena ana uzoefu. Basi akatia sahihi kwa herufi kubwa. Kisha akatoa simu mbele ya wote, akapiga.

"Mjomba, samahani sana," alisema. "Nimepata kazi."

Mvua zilipoanza, chokaa ikateleza kwenye mashina, na chini ya msitu pakaanza kuota vitu, kwanza kwa aibu, baadaye kwa fujo. Na shemeji, ambaye hakuwahi kulinda hata sahani yake mwenyewe, akawa mkali. Alibeba kiti chake akakiweka pale njia inapoingia msituni. Wezi wa mkaa wakahamia kwingine, si kwa kumwogopa bali kwa kuchoka na maswali yake. Kijiti kikivunjika alitaka kujua nani kakivunja. Alianza hata kuja kula akiwa amechelewa.

Mama Mwitu alivumilia. Miti imesimama, alijiambia, hilo ndilo ulilolitaka, sasa nyamaza. Lakini kunyamaza ndiko kulikomshinda. Mwenye duka alikuwa amempunjia tena, binti yake mwenyewe, aliyeolewa mbali, alikuwa amepiga simu kumwambia namna ya kupika wali, na ofisa wa ruzuku alimwita "bibi kizee" mbele za watu. Alikuwa amejaa mpaka pomoni. Akachukua kamba ya kuni, akaenda.

Shemeji akamsimamisha. Kuni zipi? Kilichoanguka ni chakula cha msitu, alisema, ndivyo sheria inavyotaka. Mama Mwitu akasema hataokota hata kijiti, anaingia tu. Kuingia kufanya nini? Kutembea. Shemeji akasema basi watatembea wote, maana yeye ndiye mwenye dhamana. Akabeba kiti, akamfuata hadi katikati kabisa, pale ambapo hapana njia wala mpita njia na vichaka vilikuwa vimeota tena mpaka usawa wa kifua. Akaketi, akakunja miguu.

"Haya. Tembea nikuone."

Mama Mwitu alimtazama. Alitazama kile kiti. Akaanza kwa sauti ya chini, na mwenye duka, kama kupasha moto. Kisha akafika kwa shemeji mwenyewe, na hapo hakuharakisha. Alimchukua kuanzia siku ya harusi yake, alipokula nyama ya wageni akasingizia paka, akapita naye kwenye kila kamati, kila bakuli, kila lalamiko la chumvi, ule mwavuli wa tajiri, ile "kwa nguvu zetu wenyewe", na kila kituo alikipamba kwa neno lake, maneno ambayo mengine shemeji hakuwa amewahi kuyasikia yakiwekwa pamoja. Vichaka vilimeza yote. Barabarani hakugeuka mtu.

Alipokwisha alikuwa anahema. Shemeji alikuwa amekaa vilevile, kinywa nusu wazi.

"Shemeji," alisema mwishowe, "hayo yote ulikuwa unayaweka wapi?"

"Humuhumu."

"Na marehemu kaka naye?"

"Yeye zaidi. Tena mara nyingi."

Shemeji alitazama juu kwenye matawi, akatazama chini kwenye miche, na tumbo likaanza kumtikisika, akacheka mpaka kiti kikalia. Alipofuta machozi aliinuka, akakigeuza kiti kitazame upande wa pili, akaketi tena, amempa mgongo.

"Ofisa umemsahau," alisema. "Endelea tu, mimi niko kazini."